Chembe nyeupe zimeshuka: je, niache vidonge vya saratani ya damu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41. Niligundulika nina saratani ya damu aina ya CML, chembe nyeupe zikiwa 280,000. Nimemeza imatinib miaka miwili, sasa ni 6,000 na bandama limenywea. Ila macho yanavimba asubuhi na misuli inakaza usiku. Tabibu mmoja anayeuza dawa ya kusafisha damu anasema nimeshapona, niachane na vidonge kabla havijaniharibu ini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usiache. Hiyo 6,000 inaonyesha kuwa dawa inafanya kazi, haionyeshi kuwa ugonjwa umekwisha. Nawaona wagonjwa wengi wakipotezwa hapo hapo, tena wakati wanaendelea vizuri, na inaniuma sana.

Damu yako haina uchafu wa kusafishwa. Ndani ya seli mama moja ya uboho, kipande cha kromosomu ya 9 na cha kromosomu ya 22 vilibadilishana nafasi, jeni mbili, BCR na ABL, zikaungana, na sasa zinatengeneza protini iitwayo BCR-ABL. ABL ya kawaida ni kimeng'enya: hupewa amri, huchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, ujumbe wa kugawanyika ukafika, kisha hutulia. BCR-ABL haitulii. Hubandika fosfeti usiku na mchana, na seli hugawanyika bila mwili kuagiza. Imatinib huingia kwenye kishimo kile kile cha protini hiyo ambamo ATP hukaa, na kukiziba. Ukiacha kumeza, kishimo kinabaki wazi. Mizizi na juisi haziwezi "kuitoa" protini hii, kwa sababu haielei kwenye damu kama taka. Seli zenye jeni hiyo huitengeneza upya kila siku.

Seli hizo zikibaki chache, picha kamili ya damu haizioni. Kinachoziona ni PCR ya BCR-ABL, kipimo cha maabara kinachonasa hata alama chache za jeni hiyo, na tunataka kishuke hadi asilimia 0.1 au chini yake. Uliza chako ni ngapi. Wapo wanaoachishwa dawa, lakini ni baada ya kukaa miaka kadhaa kwenye kiwango cha chini kabisa, tena chini ya uangalizi wa PCR za mara kwa mara, na hata hao takriban nusu ugonjwa huwarudia.

Kuhusu macho na misuli, mweleze daktari wako. Hayo yanatibika, na dawa nyingine za kundi hilo zipo. Meza na chakula na glasi kubwa ya maji. Usiruke siku.

Kuruka dozi kunazipa seli sugu nafasi ya kutawala. Mojawapo ya mabadiliko yanayojulikana, T315I, hubadilisha asidi amino moja tu kwenye kishimo hicho, na imatinib pamoja na wenzake wa kundi hilo, dasatinib na nilotinib, zote zikagonga mwamba. Dawa za miti nazo si salama kwa kuwa ni za miti: nyingine huharakisha ini kuvunja imatinib, nyingine huichelewesha hadi izidi mwilini.

Na chupa hiyo hiyo ya kusafisha damu inauzwa kwa wenye siko seli, ambao himoglobini yao ndiyo iliyobadilika, na kwa wenye kisukari cha ukubwani, ambao seli zao haziitikii insulini ipasavyo. Hitilafu tatu tofauti kabisa, chupa moja! Anayekuuzia akuonyeshe PCR ya mgonjwa mmoja wa CML, ya kabla na ya baada ya dawa yake.