Re: Meko ya kizamani kwa nyumba ya 1890

Mkuu, umeuliza kama meko makubwa ya marumaru ya enzi ya Georgian (enzi ya wafalme George wa Uingereza, kabla ya Malkia Victoria) yatapendeza kwenye nyumba yako ya 1890 huko Leeds, Uingereza. Mimi nasema hapana. Nyumba za safu za wakati wa Malkia Victoria ziliwekewa sana meko ya chuma cha kumimina, na vigae vya rangi vimepangwa wima kulia na kushoto kwa wavu wa makaa. Marumaru pana itaimeza sebule nyembamba hiyo, labda uwe na dari refu na hela za kuchezea.

Kabla ya kununua chochote, ita fundi asafishe dohani na kuijaribu kwa moshi. Ikivuja, urembo wote wa nini? Kwenye maduka ya vitu vya nyumba zilizobomolewa, angalia bamba la nyuma ya moto. Likiwa na ufa, bei ishuke au uondoke. Vigae vya asili usiviogope hata vikiwa na michirizi.

Uliza pia halmashauri: kwenye maeneo ya kudhibiti moshi, yaliyoanza na sheria ya 1956, kuni kwenye meko ya wazi zitakuletea faini. Huko watu huchoma makaa yasiyotoa moshi.