Machungu Yako Bado Si Wimbo

Vijana wanaoniletea mashairi yao niyapitie kabla ya kuingia studio huanza kwa kunisimulia kilichowapata. Mmoja aliachwa, mwingine alifiwa, mwingine aligeukwa na rafiki aliyemwamini kuliko ndugu. Simulizi zenyewe zinagusa, tena sana. Halafu nafungua daftari, nakutana na moyo unaouma, machozi yanayotiririka na usiku usio na usingizi. Yale yote aliyonieleza kwa mdomo, yaliyonifanya nimsikilize bila kupepesa macho, hayamo.

Nimeandika nyimbo zangu na za wengine kwa muda wa kutosha kuamini kwamba hilo si suala la kipaji. Linatokana na dhana kwamba jambo likishakuuma wewe, basi ukiliandika tu litamuuma na anayesikiliza. Msikilizaji hakujui. Hata akikupenda vipi, anapoweka wimbo wako usiku peke yake hatafuti habari zako, anatafuta zake. Ukijaza kila kona ya wimbo kwa mambo yako, yeye akae wapi? Na usipoweka chochote, ashike nini?

Nikiombwa mfano, wa kwanza huwa Siti binti Saad. Alitoka katika familia ya hali ya chini kijijini Unguja, akaingia mjini, akawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri. Jina lake lilipokua, wenye wivu walimtungia wimbo wa kumkejeli: amekuwa mtu lini huyu, aliyekuja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini? Hebu fikiria leo msanii arushiwe maneno kama hayo. Angejibu kwa majina, na ndani ya wiki moja wimbo ungekuwa umekufa pamoja na ugomvi wenyewe. Siti alijibu kwamba uzuri wa sura si hoja, wala kuwa na jadi kubwa; hasara ya mtu ni kukosa akili. Katika jibu hilo hakujitaja, wala hakuwataja waliomtukana. Yeyote aliyewahi kudharauliwa kwa sababu ya alikotoka anaweza kulichukua akalitumia, na watu wamefanya hivyo hadi leo.

Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alifanya jambo linalofanana na hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1973 alikuwa anataka kuondoka kwenye kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, mwanamuziki aliyemwinua, na kuondoka huko kulikuwa na mvutano mkubwa. Akamwandikia wimbo wa kumuaga, "I Will Always Love You". Ndani yake huoni mkataba, huoni televisheni, huoni ubishi wa kazi. Kilichobaki ni mtu anayeondoka huku akimtakia mema anayemwacha. Mwaka 1992 Whitney Houston alipouimba, dunia nzima iliusikia kama wimbo wa wapenzi wanaoachana, na haikukosea.

Lakini msinielewe vibaya, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakisikia kwamba mambo mengi yaondolewe, wanaondoa kila kitu kinachoonekana kwa macho na kubakiza hisia tupu. Wimbo unakuwa mwepesi, wa mtu yeyote, na kwa hiyo si wa mtu. Msikilize Tracy Chapman, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, katika "Fast Car" wa mwaka 1988. Kuna gari, kuna baba mlevi, kuna msichana anayefanya kazi ya keshia dukani. Ni maisha ya mtu mmoja hasa, tena maskini. Mwaka 2023 Luke Combs, mwanamume Mzungu anayeimba muziki wa kantri, aliurudia bila kubadilisha hata pale msimulizi anapojiita msichana wa keshia, na mashabiki wake wakaimba naye neno kwa neno. Hakuna aliyejiuliza kama mistari hiyo inamhusu. Na si lazima kila kitu kiwe kimekupata wewe mwenyewe. Chapman ameeleza kwamba alikuwa akiandika kuhusu maisha aliyoyaona kwa watu waliomzunguka.

Basi kipi kikae na kipi kitoke? Mimi hupima hivi: kitu kinachoonekana mara moja, kama gari, mlango, shati lililoachwa, kinabaki. Kitu kinachohitaji maelezo ya pembeni ndipo kieleweke, yaani nani alikuwa binamu ya nani, nani alianza kutuma ujumbe, kilichotokea siku tatu kabla, nakifuta hata kama ndicho kilichoniumiza zaidi. Inauma kukifuta. Najua. Lakini ukijikuta unamweleza prodyuza kwa dakika tano ubeti wako unamaanisha nini, ujue ubeti huo umekaa kwenye daftari lisilo lake.

Ninavyofanya ni kuandika kwanza tukio lote kwa nathari, bila vina wala mizani, na majina na matusi yake kama yapo. Karatasi hiyo haiendi kwa mtu. Naiacha ipoe, na nikirudi sisomi, najaribu kukumbuka. Kilichong'ang'ania kichwani ndicho ninachoanza nacho ubeti wa kwanza. Mara nyingi ni kitu kidogo ambacho wakati naandika nilikipita bila kukijali. Kisha nayagawa majukumu: beti zibebe kilichotokea, kiitikio kibebe kile ambacho hata mtu asiyejua tukio angeweza kukisema. Mwimbaji wa Uingereza Adele na mtunzi mwenzake Dan Wilson waligawa hivyo hivyo katika "Someone Like You": beti zinasimulia habari za mwanamume aliyekwisha kuoa, na kiitikio ni maneno ambayo karibu kila aliyewahi kuachwa amejaribu kujiambia.

Jambo la kufiwa nalitenga, kwa sababu linaletwa kwangu kuliko yote na ndilo linaloharibika haraka kuliko yote. Machi 1991 mtoto wa mpiga gitaa na mwimbaji wa Uingereza Eric Clapton, Conor, mwenye umri wa miaka 4, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya 53 mjini New York. "Tears in Heaven", uliotoka mwaka 1992, hauna dirisha wala ghorofa. Una maswali ya mzazi kwa mtoto: ungenijua? Kuuliza kunamwachia msikilizaji kazi ya kujibu kwa jina la marehemu wake mwenyewe. Na Clapton hakuandika peke yake. Alimwomba mtunzi Will Jennings amsaidie, ingawa Jennings alimwambia kwamba jambo lilikuwa lake mno, bora aliandike mwenyewe. Nadhani Clapton alikuwa sahihi. Mtu wa pembeni anaona palipozidi, na wewe uliyelia huwezi kupaona. Nitawaudhi baadhi yenu nikisema hivi, lakini kulia mbele ya maikrofoni si ushahidi kwamba mashairi ni mazuri.

Fikiria pia kwamba ukipendwa, wimbo huo utauimba kwa miaka. Mwaka 2004 Clapton aliacha kwa muda kuimba "Tears in Heaven" jukwaani, akieleza kwamba hisia ya msiba ilikuwa haimo tena kama mwanzo.

Wahusika wengine wa kisa chako nao ni watu. Huyo aliyekuacha hana wimbo wa kukujibu, na mashabiki wako wana muda mwingi wa kumsaka mtandaoni. Badilisha mji, kazi, jina. Wimbo hautapungua kitu.

Ukimaliza, usiupeleke kwa rafiki anayekijua kisa. Huyo atausikia mzima hata ukiwa nusu, kwa sababu palipobaki wazi anajaza mwenyewe. Mpe mtu asiyejua lolote, usimwambie unahusu nini, na usimuulize kama ni mzuri. Muulize amemkumbuka nani. Akikutajia jina usilolijua, nenda karekodi. Akikuuliza, "Kwani ilikuwaje?", rudi kwenye ubeti wa pili.