Alvarinho ya Melgaço: Maswali Yenu

Tangu nitaje Soalheiro, mvinyo mweupe wa zabibu aina ya Alvarinho wa familia ya Cerdeira huko Melgaço, kaskazini kabisa mwa Ureno, maswali hayajakoma. Nimechagua machache.

Muuzaji kaniambia una pasheni na pichi. Wanatia juisi?

Hapana, na swali hili naomba lifike mwisho leo. Ndani ya chupa hiyo hakuna tunda jingine ila zabibu. Harufu ya pasheni unayoisikia inatokana na kemikali za asili zile zile zilizomo kwenye pasheni lenyewe. Kwenye zabibu zimefungwa, chachu ndiyo inayozifungua wakati sukari ikigeuka kilevi. Harufu hizi hupotea upesi, ndiyo maana kazi hufanywa kwenye matangi ya chuma yanayopozwa. Joto likipanda kupita kiasi, harufu inatoroka hewani na unabaki na kilevi mtupu.

Zabibu yenyewe inasaidia. Alvarinho ina punje ndogo, ganda nene na maji kidogo. Milima inayozunguka Melgaço na mji jirani wa Monção hupunguza mvua ya Atlantiki, hivyo zabibu zinaiva vizuri kuliko sehemu nyingine nyingi za Vinho Verde, eneo la mvinyo la kaskazini-magharibi mwa Ureno ambalo mvinyo wake huitwa kwa jina hilo hilo.

Kwa hiyo ni mtamu?

Si mtamu, ni mkavu. Matunda ni ya puani, sukari ni ya ulimini. Anayetaka utamu atafute mvinyo mtamu, asimiminie huu soda. Nimeona watu wakifanya hivyo mezani na imeniuma.

Mbona yangu haina vipovu? Vinho Verde si lazima iwe na gesi?

Si lazima. Mingi ya bei nafuu huongezewa gesi kidogo kabla ya kufungwa. Alvarinho nzuri haihitaji.

Familia au kampuni kubwa, kuna tofauti gani?

Jina la familia peke yake halinywewi. Lakini angalia historia ya hawa. Mwaka 1974 João António Cerdeira alipanda shamba zima la Alvarinho, wakati majirani wengi waliiacha mizabibu itambae juu pembezoni mwa shamba ili katikati wapande mahindi. Mwaka 1982 akatoa chupa zenye jina la Soalheiro, chapa ya kwanza ya Alvarinho huko Melgaço. Mtu asiyekusudia kubaki pale hatoi mahindi yake kwa ajili ya mizabibu. Leo kizazi kilichofuata kinanunua pia zabibu za wakulima wadogo wa jirani, na mimi naona hilo ni jema: linawapa wenye vipande vidogo sababu ya kutouza ardhi.

Tahadhari: picha ya jumba la kale kwenye lebo haithibitishi chochote. Geuza chupa, usome nani kaufungasha na wapi, kisha tafuta muhuri wa tume ya Vinho Verde.

Nimepata Vinho Verde ya mwaka 2016 kwa nusu bei. Ninunue?

Kama ni ya kawaida, iache. Hiyo ni ya kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili tangu mavuno. Alvarinho ya mtengenezaji makini inaweza kukaa miaka mitano hata kumi, ila ikiwa imetunzwa kwenye ubaridi na giza. Chupa iliyosimama kwenye dirisha la duka Dar es Salaam au Mombasa, jua likiipiga kila mchana, imeshakwisha hata kama ni ya mwaka jana. Mwambie muuzaji akutolee ya ndani.

Naweza kutia barafu?

Usitie. Iweke chupa kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 20.

Unafaa kwa pweza wa nazi?

Sana, maana uchachu wake unakata mafuta ya tui. Punguza pilipili tu, kwani kilevi huzidisha ukali wake. Na msidanganyike na wepesi wake mdomoni: Alvarinho kwa kawaida ina kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Anayeendesha gari anywe maji.

Ukibaki?

Ziba, rudisha kwenye friji, umalize ndani ya siku mbili tatu. Baada ya hapo pikia samaki.