Ukiachwa na kaunti Septemba, usikae kungoja simu

Kikao kilichukua dakika nne. Kocha wa klabu yangu ya kriketi aliniambia mkataba hautaendelea, akanipa mkono, nami nikaenda kufungasha magongo yangu kwenye lile begi refu la magurudumu. Nilikuwa na miaka 27. Kriketi ya kaunti Uingereza huchezwa Aprili hadi Septemba, na habari za kutemwa huja majani yakianza kupukutika. Klabu za kaunti za daraja la juu ni 18 tu. Ukiachwa na moja zimebaki 17, na makocha wake wote wanajuana.

Vijana wawili watatu wa kwetu, wazazi wao watu wa Mombasa na Dar, wako kwenye akademi huku, na wamekuwa wakinipigia kuuliza polisi niliingiaje. Niliingia kwa kuchelewa. Majira yote ya baridi nilikaa nikingoja simu ya wakala, kama bibi harusi aliyesahauliwa saluni. Kumbe polisi wa huku wana askari wa kujitolea: hawalipwi mshahara, lakini wanavaa sare na wana mamlaka yaleyale ya kukamata. Ningeweza kuionja kazi miezi ile isiyo na mechi, mkataba ungali hai. Nanyi mnaoweza, muombeni ruhusa mwajiri, muanzie hapo. Na chama cha wachezaji, PCA, kina washauri wa mambo haya haya. Mimi niliona haya kuwapigia.

Mtihani wa mbio usikutishe. Unakimbia huku na huku mita 15 ukifuata mlio hadi hatua ya 5.4, mchezaji wa kaunti humaliza huku anapiga soga. Kazi iko kwenye uchunguzi wa historia yako: madeni, jamaa zako, ulichoandika mtandaoni, kila mahali ulipoishi. Sisi tuliohamahama kufuata klabu, mpaka kwenda kucheza majira ya Australia, tunateseka hapo. Ziandike anwani zako leo, ungali unazikumbuka.

Kuna kitu kimoja nilichobeba kutoka uwanjani ambacho sikujua nimekibeba. Mechi ya kaunti huenda siku nne, ova 96 kwa siku, kila ova mipira sita. Ukisimama slipu, pembeni ya mdakaji wa wiketi, tayari kudaka, huwezi kukaza macho kutwa nzima. Unalegeza mabega, mnazungumzia chakula cha mchana, kisha mrusha mpira akianza kukimbia unarudi: magoti, macho, viganja.

Lindo langu la kwanza la usiku lilikuwa mbele ya nyumba iliyoungua, mvua inanyesha, saa sita za kusimama kwenye utepe wa polisi. Mwenzangu, kijana hodari kuliko mimi kwa vitabu, alijikaza kama mlingoti saa nzima ya kwanza. Kufikia saa ya tatu macho yalikuwa wazi lakini hayaoni kitu. Mimi nilikuwa nalegea, na kila taa za gari zilipokata kona, narudi. Mwanamume mmoja aliuinua utepe upande wa mwenzangu. Nilishamwambia "samahani, bwana" kabla hajanyoosha mgongo.

Kriketi sijaiacha. Zamu huniachia Jumamosi chache, na klabu ya kijijini nimeipelekea ratiba yangu hadi Septemba. Wameniweka mpigaji namba saba, anayeingia wa mbele wakishatolewa, maana nikitoka lindo la usiku sifiki kabla ya saa nane mchana.