Fiziolojia haikaririki: namna ya kujiandaa na UE

Msimu wa UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, ukikaribia, magrupu ya WhatsApp ya wanachuo hujaa madesa. Slaidi za wahadhiri, noti za waliotangulia, picha za daftari la mtu fulani aliyepata A mwaka juzi. Watu wanapakua vyote, wanakesha navyo, wanaingia chumba cha mtihani na sehemu zote za nefroni, vichujio vidogo vya figo, kichwani, halafu swali linakuja hivi: "Mtu ametapika kwa siku mbili mfululizo. Eleza mabadiliko yanayotokea kwenye damu na mkojo wake." Hakuna slaidi yenye kichwa cha habari "Kutapika". Kalamu zinasimama.

Nilisoma sayansi ya wanyama, na fiziolojia ya wanyama na ya binadamu tuliichukua kama somo moja. Baadaye nikawa nawasaidia jioni wadogo zangu wa mwaka wa kwanza. Msuli wanapiga, yaani wanasoma kwa bidii, tena sana. Tatizo ni kwamba wengi wanapiga msuli wa anatomia kwenye somo la fiziolojia. Anatomia inataka kujua kitu kiko wapi na kinaitwaje. Fiziolojia inauliza: hiki kikibadilika, nini kinafuata? Na baada ya hapo?

Mchukue huyo anayetapika. Anachopoteza kwanza ni asidi ya tumboni, kwa hiyo damu inabaki na bikaboneti nyingi, kemikali inayozimua asidi, na kuelekea kwenye ualkali. Anapoteza pia maji na chumvi, ujazo wa damu unashuka. Figo zikihisi hivyo zinatoa renini, nayo inapandisha homoni ya angiotensini, na tezi za adreno zilizo juu ya figo zinamwaga homoni ya aldosteroni. Aldosteroni inarudisha sodiamu, na maji yanaifuata, lakini gharama yake ni potasiamu na haidrojeni kutupwa kwenye mkojo. Matokeo yake unaweza kukuta mkojo wenye asidi kwa mtu ambaye damu yake ina alkali kupita kiasi. Kwa haraka haraka unaona kama mwili umechanganyikiwa. Haujachanganyikiwa, umeamua kuokoa ujazo wa damu kwanza, mambo ya asidi baadaye. Mwanafunzi aliyeelewa mtiririko huo hahitaji slaidi ya kutapika.

Kwa hiyo namna ya kusoma ni hii. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika tukio moja katikati: kutokwa damu nyingi, kula ubwabwa sahani nzima, kukaa juani bila maji. Kisha chora mishale. Nani anahisi badiliko? Taarifa inakwenda wapi, kwa mshipa wa fahamu au kwa homoni? Nani anatenda? Na nini kinaizima kazi hiyo ikishakamilika? Ukikwama kwenye mshale mmoja, fungua daftari hapo tu, usome hapo tu, ufunge. Inachosha kuliko kusoma slaidi ukiwa na kalamu ya kuwekea rangi, nakubali. Ila kupaka rangi kunakupa raha ya kudhani unajua, na raha hiyo inaisha dakika ya kwanza ya mtihani.

Faida kubwa ya kusoma wanyama na binadamu pamoja ni kwamba mnyororo mmoja unajibu maswali mengi. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Kuku hana tezi za jasho. Joto likimzidi anahema mdomo wazi ili maji yavukizwe njia ya hewa. Akihema hivyo anatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu yake inakuwa na alkali, bikaboneti inashuka na kalsiamu iliyo huru kwenye damu inapungua kwa kuwa sehemu yake inajishika kwenye protini. Ganda la yai ni kalsiamu kaboneti. Ndiyo maana mfugaji wa Dar anaokota mayai yenye ganda jembamba kwenye miezi ya joto hata kama chakula hakijabadilika. Sasa mwondoe kuku, mweke mtu aliyepatwa na hofu na kuanza kupumua haraka haraka: vidole vinamfa ganzi, midomo inamchonyota, wakati mwingine mikono inakakamaa. Sababu ni ile ile, kabonidayoksaidi imetoka sana na kalsiamu huru imeshuka. Mpeleke tena mtu Kilimanjaro. Kule kileleni, mita 5,895, oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa kama ilivyo Tanga. Kilichoshuka ni shinikizo la hewa yote, limebaki kama nusu. (Wanaoandika kwamba asilimia ya oksijeni imepungua hupoteza alama hapo kila mwaka.) Anapumua kwa nguvu kutafuta oksijeni, damu inakuwa na alkali, na figo zinahitaji siku kadhaa kutupa bikaboneti ya ziada ili aendelee kupumua kwa kasi anayoihitaji. Hiyo ni mojawapo ya sababu za waongozaji kusisitiza pole pole. Kuku, hofu, mlima: ukiuchora mnyororo mara moja, maswali matatu umeyamaliza.

Maswali ya namna hiyo jitungie mwenyewe. Kwa nini ng'ombe akishtuliwa wakati wa kukamuliwa anabana maziwa? Kwa nini maji ya ORS yana sukari na si chumvi peke yake? Kwa nini ng'ombe anashinda na sukari ya damu ya chini kuliko yako na hazimii? Kama huna jibu, umepata cha kusoma usiku huo.

Kwa moyo, kuna kitu ambacho picha haiwezi kukupa. Nenda buchani ununue moyo. Wa ng'ombe mara nyingi unakuwa umeshachanwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta tegu, kwa hiyo bora wa mbuzi, na mwombe muuzaji asikate mshipa mkuu karibu sana. Ukishausafisha mabonge ya damu, shika huo mshipa, aota, wazi kwa juu, umimine maji taratibu. Maji yanasimama. Chungulia: vipande vitatu vyembamba vimejaa na kukutana katikati, vimefunga. Nyuma ya viwili kati yake kuna vitundu vidogo, ndimo damu inamoingia kuulisha moyo wenyewe. Sasa pasua pande zote mbili ulinganishe kuta za ventrikali, vyumba vya chini vinavyosukuma damu nje ya moyo. Ya kushoto ni nene mno, ya kulia unaweza kuikunja kwa vidole. Damu inayopita kila upande kwa dakika ni ile ile. Tofauti ni shinikizo, kwa milimita za zebaki kama 120 kwa 80 upande wa aota na kama 25 kwa 10 upande wa mapafu. Ukishayashika hayo kwa mkono, swali la presha ya kupanda na unene wa moyo unalijibu bila kutafuta maneno. Kisha uoshe, ukatekate, uweke vitunguu. Bumu lenyewe, pesa ya mkopo ya kujikimu, halijatoka.

Namba zipo za lazima, lakini si nyingi, na kazi yake ni kukulinda na upuuzi. Moyo ukisukuma mililita 70 kwa pigo, mapigo 72 kwa dakika, unapata lita 5 na ushee. Figo zinachuja kama mililita 125 kwa dakika, sawa na lita 180 kwa siku, wakati plazma yote mwilini, yaani majimaji ya damu bila chembe zake, ni kama lita 3. Maana yake plazma hiyo inachujwa mara 60 kwa siku, na mkojo unaotoka ni lita moja na nusu tu. Ukiwa na picha hiyo huwezi kuandika lita mahali pa mililita bila kushtuka.

Pasti pepa zitumie kujua mtindo wa mtungaji, usizitumie kubahatisha maswali. Diskasheni ya watu watatu inatosha. Wakifika wanane ni kijiwe. Mwelezee mwenzako mnyororo kwa Kiswahili mpaka aelewe, kisha kila mmoja auandike kwa Kiingereza peke yake, kwa sababu mtihani ndivyo utakavyokuja. Na usiku wa kuamkia pepa, lala.

Ndani ya chumba, angalia kitenzi cha swali. "Taja" ni orodha. "Eleza" ni mishale, na mshale uliorukwa ni alama iliyopotea hata kama mwisho uko sahihi. Grafu bila majina ya mihimili na vipimo vyake haina thamani.

Wenye sapu, yaani mtihani wa marudio, muda wenu ni mfupi, kwa hiyo anzeni na figo. Zinagusa presha, maji, asidi na homoni kwa mpigo, na ukizielewa umeshasoma nusu ya mfumo wa damu na upumuaji. Mfumo wa uzazi wekeni mwisho. Unasomeka peke yake.