Kuchambua mizani, vina na takriri katika shairi la Kifaransa

Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili huingia katika ushairi wa Kifaransa akiwa na mtaji, kwa kuwa sikio lake limekwisha kuzoea kupima mizani na kungoja kina. Ushauri wangu, baada ya kulirudia mara nyingi shairi la Charles Baudelaire liitwalo “Harmonie du soir”, lililomo katika diwani yake ya mwaka 1857, Les Fleurs du mal, ni kwamba uhesabu kwa sauti kabla ya kutafuta maana.

Shairi hilo lina beti 4 za mishororo minne minne, na kila mshororo una mizani 12 katika vipande viwili vya sita sita. Ugumu uko kwenye herufi e ya mwisho wa neno. Chukua mshororo wa pili: “Chaque fleur s'évapore ainsi qu'un encensoir”. E ya “Chaque” huhesabiwa kwa sababu inafuatwa na konsonanti. Ya “s'évapore” humezwa na irabu ya neno linalofuata. Na ile ya “tige”, inayofunga mshororo wa kwanza, haihesabiwi. “Violon”, yaani fidla, nalo, ambalo katika mazungumzo lina silabi mbili, hapa hutamkwa vi-o-lon, la sivyo mizani inapungua. Gonga meza kwa kidole unaposoma, kwani macho huhesabu herufi.

Vina ni viwili tu shairi zima, -ige na -oir, vikipangwa abba (a ni -ige, b ni -oir) katika ubeti mmoja na baab katika unaofuata. Usiishie kuvitaja. Kusanya maneno yanayobeba -oir: encensoir, yaani chetezo, reposoir, altare ya muda ya maandamano ya Ekaristi, ostensoir, monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Machweo yanageuka ibada, na kina ndicho kinachoyageuza.

Takriri ndiyo yenye utajiri zaidi. Mshororo wa pili na wa nne wa kila ubeti hurudi ukiwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata, mtindo wenye asili katika pantun, aina ya shairi la Kimalai. Kibwagizo chetu hurudi mahali pale pale, ilhali hapa mshororo unahama, na ukihama huweza kubadilika kazi. “Un cœur tendre, qui hait le néant vaste et noir”, moyo mwororo unaochukia utupu mpana na mweusi, katika ubeti wa tatu unafafanua tu ule moyo ambao fidla imefananishwa nao. Katika ubeti wa nne maneno hayo hayo yamekuwa kiima cha kitenzi “recueille”, na moyo sasa unaokota mabaki ya wakati uliopita. Mchambuzi akilieleza hili vizuri, nitamsamehe mengine mengi. Mshororo wa mwisho, “Ton souvenir en moi luit comme un ostensoir”, kumbukumbu yako inang'aa ndani yangu kama monstransi, haukutangulia popote wala hauna ubeti wa kurudia, na ni humo tu, kwa neno “ton”, yaani “yako”, ndimo mshairi anamosemesha mtu.