Gracchus hakugusa shamba la mtu

Wapo wanaodai kwamba Tiberius Gracchus, tribuni (mtetezi wa wananchi aliyechaguliwa) wa Roma ya kale, alitaka kuwapokonya matajiri mashamba yao. Hapana ndugu, hakutaka. Sheria yake ya mwaka 133 KK iligusa ardhi ya umma tu, ile Roma iliyoiteka vitani huko Italia na vigogo wakaikalia kama urithi wa baba zao. Kikomo cha ardhi hiyo kwa mtu mmoja, jugera 500 kwa kipimo cha Kirumi, yaani kama ekari 310, kilikuwepo tangu zamani ila hakuna aliyekijali. Ziada ndiyo igawiwe wasio na shamba. Na si huruma tupu: kabwela asiye na mali hakuandikishwa jeshini, kwa hiyo wakulima wakipungua na askari wanapungua.

Kilichomponza, kwa maoni yangu, ni njia aliyotumia. Octavius, tribuni mwenzake, alipopiga kura ya turufu kuizuia sheria hiyo, Tiberius aliitisha wananchi wakamvua cheo. Halafu akaitaka hazina aliyoiacha mfalme Attalus wa Pergamo (katika Uturuki ya leo) igharimie mradi, jambo ambalo Seneti, baraza la vigogo wa Roma, iliona ni lake. Alipogombea tena utribuni ndipo maseneta, wakiongozwa na Scipio Nasica, walipowavamia yeye na wafuasi wake kwa marungu na miguu ya mabenchi yaliyovunjika. Maiti zikatupwa mto Tiber.

Lakini tume ya ugawaji iliendelea na kazi. Mawe yake ya mipaka, yenye majina ya wajumbe, yamefukuliwa Italia. Mdogo wake Tiberius, Gaius, alirudi na mageuzi mengi zaidi mwaka 123 KK, naye mauti yakamkuta vile vile miaka miwili baadaye.